Umenunua Kitu, au Umenunua Ruhusa?

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa macho.)

Leo tutazungumza habari za kununua na kumiliki. Labda mtasema, "Kununua twakujua tangu utoto." Ni kweli. Lakini vumilieni kidogo, maana siku hizi neno hili limebadilika mikononi mwetu, na wengi hawajatambua.

Tuanze na jembe. Umekwenda dukani, umelipa fedha, umepewa jembe. Jembe hilo ni la nani? Ni lako. Waweza kulimia, waweza kumwazima jirani, waweza kuliuza, waweza kumwachia mwanao. Mwenye duka akifunga duka lake na kuhama mji, jembe lako halihami naye.

Lakini kuna vitu ambavyo mtu huvilipia, na baadaye huambiwa kwamba hakuvinunua. Kimoja ni mchezo wa video. Mmeiona michezo hii: watoto huicheza kwa simu, au kwa mashine iliyounganishwa na televisheni. Msiseme, "Hayo ni ya watoto, sisi yatuhusu nini?" Alipaye ni mzazi. Tena desturi ya michezo hii ndiyo desturi ya vitabu vingi vya kusomea katika simu, na nyimbo nyingi, na programu za kazi. Tukiielewa katika mchezo, tutaielewa kwingine.

KITABU CHA SENTI 89

Swali la nani mwenye kitu kilichouzwa si jipya. Lilifika mahakamani huko Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwaka 1904 kampuni ya kupiga chapa vitabu, jina lake Bobbs-Merrill, ilitoa hadithi iitwayo The Castaway. Ndani ya kitabu kiliandikwa onyo: bei ni dola moja, na mwenye duka atakayekiuza kwa bei ndogo zaidi atahesabiwa kuwa amevunja haki ya kampuni. Duka kubwa la Macy's katika mji wa New York lilipata vitabu hivyo, likaviuza kwa senti 89. Kampuni ikashtaki.

Mwaka 1908 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilitoa hukumu, na kampuni ilishindwa. Maana ya hukumu ile ni hii: haki ya kunakili kitabu inabaki kwa mwenyewe. Lakini nakala iliyokwisha kuuzwa imetoka mikononi mwake, wala hawezi kuitawala bei yake kwa maneno aliyoyapiga chapa ndani yake.

Basi hapa mna haki mbili, msizichanganye. Haki ya kwanza ni ya kutoa nakala nyingine. Hiyo ni ya mtungaji au ya kampuni aliyoipa, nayo huitwa hakimiliki. Haki ya pili ni juu ya nakala ile moja uliyoilipia. Hiyo ni yako. Andikeni jambo hili katika daftari zenu.

KWA NINI KUFULI LILIWEKWA

Mchezo wa video ni jasho la watu. Kuna achoraye picha, kuna atungaye nyimbo, kuna aandikaye maagizo ya kompyuta. Hufanya kazi miezi mingi, pengine miaka, nao wanataka kula kama sisi.

Katika miaka ya 1980 huko Uingereza michezo mingi iliuzwa katika kaseti, zile zile za kurekodia nyimbo. Mtu mwenye rekoda mbili aliweza kutoa nakala na kuwagawia rafiki zake. Mmoja alilipa, wengi wakacheza. Mtungaji alipata hasara. Hii ni kweli, wala tusiifiche.

Ndipo kampuni zikatafuta kufuli la kuzuia kunakili. Mwaka 1985 mchezo uitwao Elite, wa kompyuta ya Spectrum, uliuzwa pamoja na kipande cha plastiki kilichoitwa Lenslok. Katika kioo cha televisheni zilitokea herufi zilizovurugika. Mchezaji alikiweka kile kipande mbele ya kioo, akatazama kupitia ndani yake, herufi zikajipanga. Alizisoma, akaziandika, mchezo ukafunguka. Mwenye nakala ya wizi hakuwa na kipande, akakwama.

Lakini hakukwama peke yake. Kama televisheni ilikuwa kubwa mno au ndogo mno, herufi hazikusomeka. Na wanunuzi wengine walipewa kwa makosa kipande kisicho cha mchezo ule. Walilipa fedha halali, wakarudi nyumbani, wakafungiwa nje.

Mwaka 1990 ulitoka mchezo wa The Secret of Monkey Island. Ndani ya sanduku mlikuwa na gurudumu la karatasi, visahani viwili vilivyoshikana katikati, vyenye nyuso za maharamia wa baharini. Mchezo ulionyesha uso na kuuliza mwaka. Mchezaji alizungusha gurudumu mpaka uso ule ukatokea, akausoma mwaka katika kidirisha, akaujibu. Kufuli hili nalo lilikuwa na usumbufu. Lakini angalieni jambo moja: ufunguo ulikuwa ndani ya sanduku. Aliyelitunza gurudumu lake, maadamu diski na mashine yake ni nzima, anaweza kuufungua mchezo wake hata leo bila kumwomba mtu ruhusa.

UFUNGUO WAHAMA

Baadaye intaneti ikaenea, na ufunguo ukahama. Ukatoka nyumbani kwa mnunuzi, ukaenda kukaa kwa mwuzaji. Andikeni neno "seva". Seva ni kompyuta ya mbali inayojibu maswali ya kompyuta nyingine. Sasa mchezo wako, kabla ya kufunguka, huiuliza seva ya kampuni: "Je, huyu aruhusiwe?"

Mwaka 2008 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo uitwao Spore. Kwanza mnunuzi aliruhusiwa kuusajili katika kompyuta tatu tu. Wanunuzi walilalamika sana, na kampuni ikaongeza idadi hata tano. Na wezi je? Nakala za wizi zilienea vilevile, tena hazikuwa na kufuli. Hapo twaona jambo la ajabu: mwizi alipata mchezo ulio huru, na aliyelipa alipata uliofungwa.

Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliuza mchezo wa Assassin's Creed II kwa kompyuta, kwa sharti kwamba mchezaji awe ameunganishwa na seva muda wote wa kucheza, hata akiwa anacheza peke yake. Mwezi wa Machi mwaka ule watu waovu walizishambulia seva hizo kwa kuzielemeza maombi mengi. Wanunuzi wengi walifungiwa nje. Mchezo ulikuwa katika kompyuta zao, lakini ruhusa ilikuwa mbali.

MCHEZO ULIOZIMWA

Sasa nawapa mfano mkubwa wa leo. Mwezi wa Desemba 2014 Ubisoft ilianza kuuza mchezo uitwao The Crew. Mchezaji huendesha gari katika nchi nzima ya Marekani iliyochorwa ndani ya mchezo. Waweza kusafiri humo peke yako, bila kushindana na mtu. Hata hivyo mchezo haukufunguka bila seva.

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizizima seva zile. Siku hiyo mchezo ukafa kwa wote. Aliyeununua kwa diski alibaki na diski yake mkononi, nzima, isiyo na mkwaruzo, nayo haifungui kitu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja. Mwenye ufunguo aliondoka na ufunguo.

Mtauliza, "Kampuni inaweza kufanya hivyo?" Jibu limo katika neno "leseni". Leseni ni ruhusa ya kutumia kitu ambacho si chako, kwa masharti ya mwenyewe. Katika maandishi marefu ambayo mnunuzi huyakubali kwa kubonyeza, bila kuyasoma, mna maneno yasemayo kwamba hapewi mchezo, anapewa leseni. Mwezi wa Novemba 2024 wanunuzi wawili wa California waliishtaki kampuni ile. Kampuni ilijitetea kwa hoja hiyo hiyo ya leseni.

Kumbukeni kitabu cha senti 89. Wakati ule onyo lilikuwa maneno tu juu ya karatasi, na mahakama ilisema maneno hayo hayatoshi. Leo maneno yamepewa kufuli, na kufuli limepewa sheria. Marekani ilitunga sheria mwaka 1998 inayokataza kulivunja kufuli lenyewe, hata kama nakala ni yako. Mwaka 2015 ilitolewa ruhusa ndogo ya kipekee kwa michezo ambayo kampuni imekwisha kuzima seva yake ya kuomba ruhusa. Lakini ruhusa hiyo haikuhusu mchezo ambao sehemu zake zenyewe zilikaa ndani ya seva.

WANUNUZI WAKAINUKA

Kufa kwa The Crew kuliwaudhi wengi. Mwaka 2024 Mmarekani mmoja, Ross Scott, alianzisha mwito uitwao Stop Killing Games, yaani acheni kuiua michezo. Hawakudai kampuni ziendeshe seva milele. Walidai kwamba kampuni ikitaka kuondoka, iuache mchezo katika hali ya kuchezeka. Katika Umoja wa Ulaya, raia wakifika milioni moja kutoka nchi za kutosha wanaweza kuitaka Tume ya Ulaya ilitazame jambo lao. Sahihi zilikusanywa tangu Julai 2024, na Julai 2025 zilipita 1,000,000.

Kampuni nazo zina hoja, na yafaa tuzisikie. Zasema seva hula fedha kila siku. Zasema pia kwamba seva zikiachwa mikononi mwa watu wengine, ulinzi wa wachezaji huwa mgumu. Hoja hizi zina uzito kwa mchezo wa watu wengi. Kwa mtu achezaye peke yake uzito wake ni mdogo. Tena mwezi wa Septemba 2024 Ubisoft yenyewe iliahidi kwamba michezo miwili iliyoufuata The Crew itapewa njia ya kuchezwa bila seva. Kumbe yawezekana.

Huko California ilitungwa sheria mpya, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Mwuzaji wa vitu vya kompyuta haruhusiwi kuandika neno "nunua" kama anatoa leseni tu, isipokuwa amweleze mnunuzi waziwazi. Lakini kama mnunuzi anaweza kukihifadhi kitu kwake moja kwa moja na kukitumia bila intaneti, sheria hiyo haimbani mwuzaji. Oneni basi: haimrudishii mtu mchezo wake. Inadai kwamba neno liseme kweli. Hata hilo ni jambo.

NAWE UFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya kulipa uliza: kitu hiki hufanya kazi bila intaneti? Kikifanya, ufunguo u karibu nawe. Kisipofanya, umekodi, hata kama bei ni ya kununua.

Pili, pima bei kwa jibu hilo. Kukodi si vibaya. Twakodi nyumba, twakodi baiskeli. Ubaya ni kulipa bei ya nyumba ukapewa kodi ya chumba.

Tatu, tafuta mwuzaji asiyefunga. Duka la GOG la Poland, tangu mwaka 2008, huuza michezo isiyo na kufuli. Mnunuzi huishusha katika mashine yake na kuitunza.

Nne, tunza stakabadhi na tarehe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Tano, usimwibie mtungaji. Ukidai haki yako juu ya nakala yako moja, heshimu haki yake juu ya kunakili. Anayezidai zote mbili kwa nafsi yake si mnunuzi wala mtungaji, ni mnyang'anyi, awe mtu mmoja au awe kampuni.

MASWALI YA DARASANI

1. Taja tofauti ya hakimiliki na haki ya mnunuzi juu ya nakala yake.
2. Ufunguo wa mchezo wa mwaka 1990 ulikaa wapi? Na ule wa The Crew ulikaa wapi?
3. Kwa nini aliyelipa aliteseka na kufuli kuliko mwizi?
4. Tazama simu yako. Taja kitu kimoja ulichokilipia humo. Je, ni chako?

Swali la nne mlijibu kwa zamu, kila mtu kwa simu yake. Asiyejua jibu asione haya, maana watu wengi waliosoma sana hawalijui. Kwaherini, mpaka somo lijalo.