Bure ya Nyongeza, Bure ya Chambo na Bure ya Wakfu

Katika soko la Kibuye, siku ya Jumapili, mnunuzi akishapimiwa gorogoro yake ya omena hafungi mfuko papo hapo, bali husimama akimtazama mama muuzaji usoni, naye mama, pasina kuambiwa neno, huchota ukufi mmoja akaumwaga juu ya ile iliyopimwa. Hiyo ndiyo nyongeza, na hapa Kisumu hakuna mtu, awe mzaliwa wa Nyalenda au mgeni aliyeteremka jana kwenye basi la Busia, asiyejua kwamba nyongeza ni haki ya aliyenunua. Ni bure, walakini ni bure ambayo asili yake yajulikana: umelipa, ndipo ukaongezewa.

Nimelikumbuka soko hilo kwa sababu ya jambo ambalo kwa dhahiri halina nasaba na samaki. Binti yangu alikwenda mjini kupigisha chapa kazi yake ya shule, akarejea na flashi yake, akaichomeka katika kompyuta yetu ya nyumbani, na kabla ya adhuhuri mafaili yote ya familia, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba na picha za arusi ya dada yake, yalikuwa yamegeuka vijialama vya njia za mkato visivyotufikisha popote. Niliibeba mashine hadi kwa fundi mmoja wa kibandani, naye aliitazama mara moja tu, akacheka. "Mzee, usijali," akaniambia. "Hii ni virusi. Nitakutilia antivairasi ile ya kulipiwa, lakini wewe hutalipa kitu. Ufunguo wake ninao hapa kwenye flashi."

Nilikuwa nimekwisha kutia mkono mfukoni nimpe ujira wake, mara mpwa wangu, mwana wa dada yangu aliyeolewa na Wajaluo, ambaye husoma mambo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Maseno, akanivuta kando. "Nera," akasema, maana ndivyo mjomba aitwavyo kwao, "kabla hujakubali, muulize swali moja. Huyo bawabu wa bure atakayekuwekea mlangoni, mshahara wake analipwa na nani?"

Swali hilo lilinishinda, nami nikaichukua mashine yangu nikarudi nayo nyumbani. Neno bure katika lugha yetu lina maana mbili zilizokaa pamoja kama pacha: kitu kisicho na bei, na taabu isiyo na faida, na aghalabu anayeikimbilia ile ya kwanza pasipo kuuliza huangukia ya pili. Tulipoketi ukumbini alasiri ile, mpwa wangu akinifafanulia na mimi nikipima maneno yake kwa mizani ya mambo niliyoyazoea, nilitambua kwamba programu za bure za kulinda kompyuta, pamoja na wingi wa majina yake, hazizidi aina tatu.

Bure ya kwanza ni hiyo ya nyongeza. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft ilianza kutoa programu ya kuzuia virusi kwa wenye Windows halali, na ilipotoka Windows 8 mwaka 2012 ikautia ulinzi huo ndani ya mashine yenyewe kwa jina la Defender, hata leo mwenye kununua kompyuta yenye Windows humkuta bawabu amekwisha kukaa mlangoni. Mshahara wake umo katika bei ya Windows, kama ukufi wa omena ulivyomo katika bei ya gorogoro. Katika miaka yake ya mwanzo bawabu huyo alikuwa msinziaji, akipewa alama duni. Lakini maabara mbili zinazojitegemea, AV-TEST ya Magdeburg kule Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck kule Austria, ambazo huzijaribu programu hizi kwa virusi halisi na kuyatangaza matokeo kwa kila mtu, zimekuwa katika miaka ya karibuni zikimweka safu moja na wale wa kulipiwa.

Sasa jambo lililonitia haya ni hili. Mpwa wangu alipofungua mipangilio ya kompyuta yangu alimkuta bawabu huyo amefungiwa nje. Mashine niliinunua kuukuu, ikiwa imekwisha kutumika Ulaya, na yule aliyenitilia Windows isiyo na leseni alitumia programu ya kuvunja kufuli, ambayo sharti lake la kwanza, kama ilivyo ada ya programu za namna hiyo, ni kwamba ulinzi uzimwe kabla yenyewe haijaingia. Nilikuwa nikitafuta mlinzi ilhali wangu nilimfukuza kwa mkono wa mtu mwingine, tena nikamlipa mtu huyo. Na ule ufunguo wa fundi wa kibandani, falau ningeukubali, ungemfukuza mara ya pili.

Bure ya pili ni ya chambo. Wavuvi wa Dunga watokao alfajiri kutega mbuta kwa kaputi ya ndoana nyingi hawamhesabii mbuta bei ya kile kisamaki kilichochomekwa kwenye ndoana. Chambo ni bure kwa samaki, na anayelipa na anayelipwa ni wengine kabisa. Sitaki kuwadhulumu watu wa biashara kwa kuwaweka wote katika ngalawa moja, kwani ziko kampuni, mathalani Bitdefender ya Romania, zinazotoa programu ya bure ili ukiridhika nayo ununue ile kubwa, na hiyo ni biashara ya halali kama ya muuza maembe anayekuonjesha kipande. Lakini kisa cha Avast chafaa kukumbukwa. Kampuni hiyo ilianzia Prague mwaka 1988, ikaenea ulimwengu mzima kwa sababu programu yake ilikuwa bure, na mwaka 2016 ikainunua AVG, jina jingine lililojulikana sana na watu wasiotaka kulipa. Ikaja kudhihirika, mwanzoni mwa mwaka 2020, kwamba habari za tovuti walizozizuru watumiaji wake zilikuwa zikikusanywa na kuuzwa kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwezi ule ule wa Januari, na mwaka 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza habari za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Bawabu aliyewekwa kuzuia wezi alikuwa akiandika daftari la kila anakokwenda mwenye nyumba, na daftari hilo likipelekwa sokoni. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka mtu aarifiwe habari zake zachukuliwa kwa muradi gani. Lakini sheria haiwezi kumsomea masharti mtu anayebonyeza "nakubali" kwa pupa.

Kiko na chambo kilicho kiovu zaidi, nacho ni ile ilani irukayo ghafla katika kioo, ikipiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi kumi na saba na kwamba dawa ni kubonyeza hapa. Hiyo si antivairasi. Hiyo ndiyo virusi yenyewe imevaa kanzu ya tabibu. Programu ya ulinzi ichukuliwe katika tovuti ya mtengenezaji wake mwenyewe, si katika ilani, wala katika flashi ya mtu.

Bure ya tatu ni ya wakfu. Mtu huchimba kisima, akakiweka wakfu, na tangu siku hiyo hakiuziki wala hakirithiwi. Kila apitaye hunywa, na mwenye nguvu husaidia kukizoa matope. Ziko na programu zilizowekwa wakfu namna hiyo. Wasemao Kiingereza, ambao kwa bure na kwa huru wana neno moja tu, wamepata taabu kubwa kulieleza jambo hili, hata Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huru wa GNU mwaka 1983, ilimlazimu kufafanua miaka nenda miaka rudi kwamba anachokitaka ni uhuru wala si ukosefu wa bei; sisi tumejaliwa maneno mawili, tena tukapata na la tatu, huria. Katika kisima hicho umo mfumo wa Linux, alioanza kuuandika Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Imo Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo kwa miaka kadhaa ilipelekwa kwa watu kwa posta katika visahani vya kompyuta bila malipo. Na imo ClamAV, iliyoanzia Poland, ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mwenye ilmu ya kuyakagua. Wala Waswahili hawakukaa mbali na kisima: mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi inayosema Kiswahili.

Insafu yanitaka niseme na upungufu wake. ClamAV ikitiwa katika Windows huchunguza inapoamriwa, haisimami mlangoni mchana kutwa, kwa hiyo haitoshi kuwa bawabu peke yake. Wala asije mtu akadhani kwamba dawa ni kuwajaza wote pamoja. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nao walikusudia vijinga vya motoni. Lakini mwenye kutia kinga mbili za virusi katika kompyuta moja, zote mbili zikiwa macho, ataiona methali ikitimia kwa namna nyingine, kwa kuwa kila moja humshuku mwenziwe na kumpekua, mashine ikachemka na kazi ikasimama. Bawabu ni mmoja.

Na huyo mmoja ni sharti apewe habari mpya. Wengi wetu tumezima masasisho ili kuokoa bando, na hesabu hiyo yaonekana ya busara mpaka siku ya hasara. Mwezi Machi mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo virusi ya WannaCry ikapita katika tundu hilo hilo, ikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Waliokuwa wameziba tundu lao walilala usingizi. Fauka ya hayo, aliye na nakala ya mafaili yake katika diski ya pembeni, iliyochomolewa na kutiwa kabatini, hana haja ya kulipa fidia kwa yeyote.

Tulipofika hapo ilikuwa magharibi. Mafaili yetu hayakuwa yamepotea: virusi ile iliyaficha tu, ikaweka mahali pake njia za mkato za kujiamsha yenyewe, na mpwa wangu aliyafichua kwa amri moja fupi, akayanakili, kisha akaifuta flashi. Mashine yenyewe ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa uzee wake haikukidhi masharti ya Windows 11. Basi tuliifuta yote, tukatia Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, nayo ikaamka kwa wepesi ambao sijapata kuuona tangu niinunue. Kipakatalishi kipya cha binti yangu tulikiachia nyongeza yake, bawabu akiwa macho na masasisho yakiingia kila usiku.

Nikamuuliza mpwa wangu ujira wake. "Bure, nera," akajibu. Nami kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuelimika, nikamuuliza mshahara wake basi analipwa na nani. Hakunena, alinyosha kidole kuelekea jikoni, ambako ngege watatu walikuwa wakigeuzwa karaini.