Taa ya Gia Ikiwaka Msimu wa Pamba, Usikimbilie Kuuza Ng'ombe

Leo tunaweka pembeni palizi na viuatilifu, tuongelee pikapu. Kwa mkulima wa biashara hapa Simiyu, pikapu ni zana ya kilimo sawa na plau na mkokoteni. Ikilala siku tatu wakati wa mauzo, hasara ni yako.

Msimu uliopita kijana mmoja wa upande wa Itilima alinipigia simu. Pikapu yake ya zamani, Toyota ya otomatiki, ilikuwa imejaa pamba ya kupeleka kituoni. Injini inavuma lakini gia hazibadiliki, mshale wa spidi umelala, na taa ya O/D OFF inawaka na kuzima. Fundi wa kwanza alishatoa hukumu: "Giaboksi imekufa, tafuta nyingine." Kijana alikuwa ameshataja ng'ombe wawili wa kuuza. Nikamwambia, subiri bwana, kwanza tuisikilize gari yenyewe.

Giaboksi ya otomatiki inaongozwa na kompyuta. Sensa zinaipa kompyuta habari: spidi ya shafti, joto la oili, mahali ulipoweka gia. Habari ikikatika, kompyuta inaandika namba ya kosa, kisha inaweza kung'ang'ania gia moja ili kulinda giaboksi.

Namba zinasomwaje? Kama gari ina soketi ya pini 16 chini ya dashibodi na inafuata mfumo wa OBD2, kidude cha kupimia kinachoungana na simu kinatosha. Zinazotokea sana ni hizi:

- P0700: kuna kosa kwenye giaboksi, tafuta namba nyingine iliyofuatana nayo.
- P0705: sensa ya mahali pa gia.
- P0710: sensa ya joto la oili.
- P0715: sensa ya spidi inayoingia giaboksi.
- P0720: sensa ya spidi inayotoka.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazina mfumo huo. Hapo fundi umeme anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anafungua swichi bila kuwasha injini, halafu anahesabu taa inavyomweka. Mara nne, kisha mara mbili, ni 42. Usijaribu kwa kubahatisha, ukikosea tundu utaunguza kitu.

Gari ya yule kijana ilitoa 42 na 61, yaani sensa zote mbili za spidi. Hapo ndipo akili ifanye kazi. Sensa mbili zife siku moja? Inawezekana, lakini mara nyingi shida iko kwenye kitu zinachotumia pamoja: waya. Namba ya kosa inakuonyesha njia ya umeme iliyokatika, haikuambii kifaa gani kimekufa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, fuata mpangilio huu:

1. Andika namba zote kabla hujachomoa betri, maana zinaweza kufutika.
2. Angalia betri na vichwa vyake. Umeme mdogo huleta makosa ya uongo.
3. Pima oili ya giaboksi kama kitabu cha gari kinavyosema. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, shida inaweza kuwa ya ndani, wala si sensa.
4. Ingia chini, chomoa plagi za sensa, tazama maji, tope na kutu. Tope letu la mbuga likikauka humo linashika kama saruji.
5. Fuata waya mpaka mwisho. Kisha fundi apime sensa kwa mita.
6. Futa namba, endesha, uone kama inarudi.

Tulipofika hatua ya tano tukacheka kwa uchungu. Panya walikuwa wametafuna waya, kwa sababu gari ililazwa miezi kadhaa kando ya ghala la mahindi. Fundi umeme akaziunga, akazifunga vizuri, akafuta namba. Kesho yake pamba ikafika kituoni, na ng'ombe wako zizini mpaka leo.

Basi kabla msimu haujafunguliwa, toa pikapu ghalani, fungua boneti, ingia na chini. Saa moja ya ukaguzi ni nafuu kuliko giaboksi.