Gitaa la jazi kwa bei ya kawaida: nunua sanduku na shingo, mengine utabadilisha

Anayenunua gitaa la jazi kwa mara ya kwanza huvutwa na vitu visivyo na uzito: rangi ya vanishi, vyuma vilivyopakwa dhahabu, jina lililoandikwa juu ya pikapu. Vyuma na pikapu hubadilishwa kwa bisibisi na jioni moja ya kazi. Visivyobadilishika ni sanduku, shingo, na mwinamo ambao shingo imeungwa nao kwenye sanduku. Vitatu hivyo vikiwa sawa, gitaa la dola mia tano au mia sita litapanda jukwaani bila aibu baada ya kufanyiwa kazi kidogo. Vikiwa na kasoro, utatoa fedha mwaka hadi mwaka na gitaa litabaki vilevile.

Gitaa lenyewe ni lile liitwalo achitopu. Kifua chake kimebinuka kwa mtindo wa fidla na kina matundu mawili yenye umbo la herufi f. Daraja linalobeba nyuzi halikugundishwa popote. Limesimama kwa kugandamizwa na nyuzi tu, na nyuzi zenyewe zimefungwa kwenye chuma kilichoshikizwa mkiani mwa sanduku. Kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, ilitoa modeli ya L-5 mwaka 1922 chini ya usimamizi wa Lloyd Loar, na magitaa mengi ya jazi ya leo yanafuata nyayo zake. Wakati huo kazi ya gitaa ilikuwa kusikika katikati ya tarumbeta na ngoma bila umeme. Freddie Green alijiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937, akakaa humo hadi kifo chake mwaka 1987, akipiga midundo minne kwa kila kipimo kwa gitaa lisilo na amplifaya. Ili sanduku litoe sauti kubwa namna hiyo, kifua kilichongwa kutoka mbao nzima ya sprusi na mgongo kutoka mbao ya mepo. Uchongaji huo ni kazi ya siku nyingi za fundi stadi, na ndiyo maana L-5 ya leo inagharimu maelfu ya dola.

Halafu umeme ukaingia. Mwaka 1936 Gibson ilitoa ES-150, gitaa la kawaida kabisa likilinganishwa na L-5, ambalo pamoja na amplifaya yake liliuzwa kwa takriban dola 150. Charlie Christian alilichukua, na mwaka 1939 akajiunga na Benny Goodman. Kuanzia hapo gitaa likawa na haki ya kupiga solo kama saksafoni. Lakini kifua cha mbao nzima, kinachotetemeka kirahisi, kilileta taabu mpya: sauti ya amplifaya ilikitikisa, kutetemeka kwake kukarudi kwenye pikapu, pikapu ikaurudisha mtetemo huo kwenye amplifaya, na ukumbi mzima ukasikia ule mvumo ambao mafundi wetu wa sauti huuita fidibaki.

Mwaka 1949 Gibson ikatoa ES-175, na hapa ndipo mnunuzi wa kipato cha kawaida anapopata bahati yake. Sanduku la ES-175 halikuchongwa. Lilitengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa pamoja na kukandamizwa ndani ya kalibu. Mbao ya tabaka ni ngumu zaidi, hutetemeka kidogo, huvumilia amplifaya, na hutengenezwa kwa gharama ndogo. Joe Pass alitumia ES-175 kurekodi *Virtuoso* mwaka 1973. Jim Hall aliipiga ya kwake kwa miongo kadhaa, na alikuwa ameinunua ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mpiga gitaa mwenzake Howard Roberts. Basi muuzaji akikuambia kwa sauti ya chini kwamba gitaa la bei nafuu "ni plaiwudi tu", usishtuke. Sauti ya jazi ya umeme iliyo masikioni mwako, kwa sehemu kubwa, ilitoka kwenye mbao ya tabaka.

Ndiyo maana achitopu ya bei nafuu iko karibu na ile ya ghali kuliko aina nyingine nyingi za magitaa. Ibanez ilianzisha mfululizo wa Artcore mwaka 2002, ikiyatengeneza China, na yale yenye sanduku nene lililo wazi ndani, kama AF75, yanafuata njia ileile ya ES-175. Epiphone, ambayo imekuwa chini ya mmiliki mmoja na Gibson tangu 1957, iliwahi kutoa Emperor yenye jina la Joe Pass. Anayetaka kupiga bila umeme chumbani atafute kitu kingine: kampuni iitwayo The Loar huuza LH-600 yenye kifua kilichochongwa kutoka mbao nzima, na Godin ya Kanada ina 5th Avenue iliyotengenezwa kwa mbao ya mcheri. Ila anayechagua mbao nzima ajue kwamba huvimba na kusinyaa kwa unyevu. Gitaa la namna hiyo likihama kutoka Mombasa kwenda Nairobi, urefu wa nyuzi juu ya freti utabadilika, na kifua kikikauka ghafla kinaweza kupasuka. Mbao ya tabaka hutulia zaidi, na kwa mtu wa pwani hilo si jambo dogo.

Unapolishika gitaa dukani, au sebuleni kwa mtu anayeliuza, usianze kwa kulichomeka kwenye umeme. Tazama kwanza shingo kutoka kichwani kuelekea sandukuni, jicho likifuata ukingo wa freti, uone kama imepinda upande. Kisha tazama daraja. Lina skrubu mbili zenye magurudumu madogo ya kulipandisha na kulishusha. Kama yameshushwa hadi chini kabisa na bado nyuzi ziko juu, shingo imeungwa kwa mwinamo mbaya au imeanza kung'oka, na kuitengeneza upya kutakugharimu kuliko gitaa lenyewe. Mshukuru muuzaji uondoke. Daraja likiwa katikati ya safari yake, na nyuzi ziko milimita 2 hivi juu ya freti ya 12, hiyo ni shingo nzuri. Gonga kifua kwa kiungo cha kidole, taratibu, kila sehemu. Mlio wa kitu kinachochezacheza ni kiunzi cha ndani kilichoachia gundi. Vitufe vinavyokwaruza, pikapu isiyolia, soketi iliyolegea, yote hayo yakusaidie kupunguza bei.

Ukishalipata, fedha ya kwanza iende kwenye nyuzi. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani na nyuzi nyembamba za mviringo, zile za roki, zenye mikwaruzo chini ya kidole na mlio mkali. Jazi inataka nyuzi bapa, yaani zile ambazo waya uliozungushiwa nje ni utepe laini. Chukua seti inayoanza na 0.012 ya inchi, au 0.011 kama vidole vyako havijazoea, na uhakikishe uzi wa tatu umezungushiwa. Seti ya Chromes ya D'Addario na Jazz Swing ya Thomastik-Infeld ya Vienna ndizo zinazotajwa zaidi na wapigaji. Bei yake ni kubwa kuliko ya nyuzi za kawaida, lakini hudumu miezi mingi. Hakuna badiliko jingine la bei hiyo litakalokusogeza karibu na sauti unayoitafuta kama hili. Na zibadilishe mmoja mmoja, kwa sababu ukizilegeza zote kwa pamoja daraja litaanguka na mahali pake patapotea.

Nyuzi nzito huivuta shingo, hivyo kaza kidogo chuma cha ndani yake. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye ile iliyo pale shingo inapoingia sandukuni, halafu chungulia katikati: uwazi uwe kama unene wa karatasi mbili za kawaida za kuandikia. Zungusha robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha pima tena.

Baada ya hapo linakuja daraja, na hapa nawasihi wapigaji wawe na subira, maana ndipo sauti nyingi inapopotea. Nyayo za daraja la kiwandani mara nyingi hazikukatwa kufuata mbinuko wa kifua chako. Zinagusa kingo tu, katikati kuna uwazi, mfano wa meza iliyosimama juu ya sakafu mbovu. Washa tochi nyuma ya daraja. Ukiona mwanga unapenya chini yake, kazi ipo. Weka alama za mahali lilipo kwa utepe wa karatasi, legeza nyuzi, litoe, na uondoe kipande chake cha juu. Bandika utepe juu ya vanishi, kisha juu yake karatasi ya msasa namba 120, uso wenye chenga ukiwa juu, pale pale daraja linaposimama. Lishike kwa chini, karibu na nyayo, ulisugue mbele na nyuma kwa kufuata mkondo wa nyuzi, bila kuliyumbisha. Kila baada ya misuguo kadhaa geuza utazame nyayo: mbao iliyosuguliwa inang'aa upya, isiyoguswa ina rangi ya zamani. Sehemu ya rangi ya zamani ikiisha yote, hamia msasa namba 220 umalizie. Gitaa likirudishiwa nyuzi litalia kwa nguvu zaidi hata kabla ya kuchomekwa.

Rudisha daraja kwenye alama, kisha pima ukweli wa sauti. Piga hamoniki juu ya freti ya 12, halafu bonyeza uzi kwenye freti hiyohiyo upige tena. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko hamoniki, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Anza na uzi mwembamba, kisha mnene, ukilipinda daraja kidogo hadi zote mbili zikubali. Daraja la mbao lenye ngazi zilizochongwa tayari huwa limekadiriwa kwa uzi wa tatu uliozungushiwa, na uzi mtupu hapo utatoka nje ya sauti kila mara.

Kuhusu funguo za kichwani, wengi huzinunua mpya kwa sababu gitaa linapoteza sauti, na baada ya kuzifunga linaendelea kupoteza. Mara nyingi kosa liko kwenye kipande chenye mifereji, pale nyuzi zinapoingia kichwani. Uzi mnene ukikwama ndani ya mfereji mwembamba, huruka kwa ghafla unapoukaza. Panua mfereji kidogo kwa tupa nyembamba, upake unga wa penseli. Kama kipande chenyewe ni cha plastiki, tengenezesha cha mfupa wa ng'ombe.

Pikapu ibadilishwe mwisho, na kabla ya hapo ishushe. Ile ya shingoni ikiwa karibu mno na nyuzi hutoa sauti nzito iliyoziba; ishushe hadi kubaki milimita 3 hivi, punguza kitufe cha toni, usikilize wiki moja. Wengi huishia hapo. Ukiona bado haikuridhishi, ibadilishe. Jim Hall mwenyewe alibadilisha: gitaa lake lilikuja na pikapu ya P-90 yenye koili moja, baadaye ikawekwa ya koili mbili, aina ambayo Seth Lover aliibuni Gibson mwaka 1955 ili kufuta mvumo wa umeme. Tafuta pikapu iliyosokotwa kwa kiasi, isiyo na nguvu nyingi, kama zile zinazofuata kipimo cha miaka hiyo.

Kuifunga ndiyo kazi. Achitopu haina kifuniko mgongoni, kwa hiyo kila kitu hupita kwenye tundu la f. Kata boksi gumu lenye matundu yenye nafasi sawa na za gitaa, funga vitufe vyote humo, ulehemu nyaya nje ya gitaa: potensiometa za kiloomu 500 na kapasita ya mikrofaradi 0.022 zinafaa pikapu ya koili mbili. Pima matundu kwanza, kwa kuwa potensiometa za Marekani zina shingo ya milimita 9.5 na magitaa mengi ya Asia yametobolewa madogo zaidi. Kabla ya kutoa kitufe cha zamani, valisha mhimili wake mpira mwembamba wa plastiki wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 na uache ncha yake ikining'inia nje ya tundu. Kitu kipya kitavutwa kwa mpira huohuo hadi mahali pake, bila kupapasa gizani.

Kwa anayepiga muziki wa dansi kwenye ukumbi wenye besi nzito na ngoma kamili, sitamshauri achitopu ya sanduku wazi, hata baada ya kazi yote hii. Sifongo ndani ya matundu ya f hupunguza fidibaki, kusimama pembeni ya amplifaya hupunguza zaidi, lakini kuna kiwango cha sauti ambacho sanduku lolote lililo wazi halikivumilii. Kwa watatu au wanne wanaocheza hotelini au kanisani, linatosha kabisa.

Vifaa ulivyovitoa, yaani pikapu, daraja na vitufe, viweke kwenye mfuko mmoja ulioandikwa. Atakayekuja kulinunua gitaa siku moja ataviulizia, na atalipa zaidi akiviona.