Kondishona ya kuacha kichwani: Anza na maji, kisha aina ya nywele

Maduka ya vipodozi na saluni za Ganjoni, kama kwingine kisiwani Mombasa, huuza kondishona za kuacha kichwani za kila aina. Hizi ni krimu, losheni au maji ya kupuliza ambayo hupakwa kwenye nywele zilizokwisha kuoshwa, na hazisuuzwi. Kazi yake ni kulainisha nywele na kurahisisha kuchana ili zisikatike. Hata hivyo, mtu anaweza kununua chupa ya bei ghali na nywele zikabaki kavu kama makumbi. Mara nyingi tatizo liko kwenye maji au kwenye matumizi.

Maji unayooshea

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa, ndiyo maana sabuni haitoi povu vizuri. Chokaa hubaki kwenye nywele, zikawa ngumu na zisizo na mng'ao, na kondishona ikapakwa juu ya uchafu huo. Anayetumia maji ya kisima asuuze mara ya mwisho kwa maji ya mfereji au ya mvua. Jagi moja au mawili yatosha. Anayetoka kuogelea baharini pia aondoe chumvi kwanza.

Aina ya nywele

• Kipilipili: Mafuta ya asili ya kichwa hayashuki kwa urahisi kwenye nywele zilizojikunja, hivyo ncha hukauka. Zinafaa krimu nzito. Mafuta ya nazi kidogo yapakwe baada ya krimu, kwa sababu mafuta huzuia maji yasipotee lakini hayaongezi maji.

• Mawimbi: Losheni nyepesi hutosha. Krimu nzito huzilaza.

• Singa: Tumia ya kupuliza, kwenye ncha peke yake. Nywele hizi hupata mafuta upesi.

• Zilizotiwa dawa au rangi: Zimedhoofika, hivyo zipakwe kila zinapooshwa, hasa kabla ya kukaushwa kwa mashine.

• Zilizosukwa: Tumia ya kupuliza. Krimu hukwama katikati ya mistari na kukusanya vumbi.

Jinsi ya kupaka

1. Futa nywele kwa taulo mpaka ziache kudondoka maji, lakini zibaki na unyevu.
2. Chukua kiasi cha punje ya haragwe kwa nywele fupi, au kijiko kimoja cha chai kwa zinazofika mabegani. Ongeza kidogo kidogo ikihitajika.
3. Paka kuanzia katikati kwenda kwenye ncha. Usipake kwenye ngozi ya kichwa.
4. Chana kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha.
5. Acha zikauke kabla ya kufunga ushungi au kilemba. Kichwa kinachofungwa kikiwa kimaji, kwa joto la Mombasa, huwasha na kunuka.

Kondishona yenye glisirini nyingi huvuta unyevu wa hewa. Msimu wa mvua, nywele zinaweza kufumuka baada ya kuipaka. Likitokea hilo, punguza kiasi au chagua isiyo na glisirini miongoni mwa viungo vya mwanzo kwenye lebo, kwa kuwa viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi.

Kabla ya kulipa

Angalia alama ya ubora ya KEBS, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji. Kuhakikisha kuwa alama si ya bandia, tuma ujumbe mfupi wenye herufi SM#, ikifuatwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama, kwenda 20023. Kondishona ya kupimwa kwenye vikopo visivyo na lebo isinunuliwe, hata ikiwa nafuu.

Paka kidogo kwanza nyuma ya sikio na usubiri siku moja. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, usiitumie. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa watoto.

Isipokuwa kazi ya kondishona

Nywele zikipungua kandokando ya uso kwa sababu ya kusukwa kwa kuvutwa sana, dawa ya kwanza ni kufumua na kupumzisha kichwa. Mzizi ukishakufa, hakuna krimu itakayourudisha. Mtoto mwenye viraka vya duara visivyo na nywele huenda ana mapunye. Ugonjwa huu huambukiza, na huhitaji dawa ya kumeza inayotolewa na mhudumu wa afya. Wazazi wanashauriwa kumpeleka mtoto kwenye kituo cha afya kilicho karibu mapema, na wasishirikishe kitana, taulo wala kofia hadi apone.