Magari: Kupanua ganda la turbo nyumbani kunaweza kuua moteri

Goma na Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1.500. Hewa huko ni nyepesi, na turbo inasaidia gari la mazutu kupanda milima. Anayetaka nguvu zaidi hushawishika kukwangua ganda lake kwa tupa.

Kati ya ganda na panga zake kuna nafasi isiyofika milimita 1, na panga huzunguka zaidi ya mara 100.000 kwa dakika. Ukipanua hapo, presha inapotea. Vumbi la aliminiamu likibaki ndani, linaharibu silinda.

Mafundi, fungueni ganda kwanza, lainisheni mdomo wa kuingilia hewa tu, kisha lioshwe na kukaushwa. Lakini kabla ya tupa, angalieni filta ya hewa na mipira iliyopasuka.