Tonameti ya Pool: Usitangaze Zawadi Ambayo Haiko Mkononi

Bango limebandikwa mlangoni: "Mshindi Sh50,000!" Wachezaji wanatoka kila mtaa, viti vinajaa, choma inaisha mapema. Hiyo ndiyo faida ya kuandaa tonameti kubwa ya pool: siku moja inaweza kuipa klabu yako jina na wateja wapya. Lakini bango hilo pia ni deni.

Tuanze na kisa cha kweli. Mwaka 2006, mjini Reno, Marekani, International Pool Tour ya mfanyabiashara Kevin Trudeau iliandaa mashindano yenye zawadi za jumla ya dola milioni 3. Mfilipino Efren Reyes akashinda dola 500,000. Mipira ilipotulia, wachezaji wakaambiwa pesa hazijafika. Wakaja kulipwa kidogo kidogo, na mashindano hayo hayakurudi tena kwa ukubwa ule.

Wewe huna dola milioni 3, lakini hesabu ni ileile. Tuseme kiingilio ni Sh500 na unatarajia wachezaji 64. Hiyo ni Sh32,000. Hata wakija wote, bado una upungufu wa Sh18,000. Mvua ikinyesha waje 30 tu, una Sh15,000 na pengo la Sh35,000. Na hapo hujamlipa refa.

Kwa hivyo, kabla ya kuchapisha bango:

Tangaza pesa iliyoingia. Ahadi ya mdhamini si salio. Kama hajatuma, andika kwamba zawadi ni sehemu fulani ya viingilio, kwa mfano asilimia 70.

Tumia till, si laini yako. Kwenye laini ya kibinafsi, pesa ya tonameti huchanganyika na ya unga na kodi, na kabla hujajua imeliwa. Till inakuachia rekodi ya nani amelipa na saa ngapi.

Thibitisha kwenye simu yako. Usikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mchezaji, meseji hughushiwa. Kama malipo hayaonekani upande wako, hajalipa.

Andika sheria ya kurudisha pesa. Stima ikipotea, au wachezaji wakiwa wachache, nani anarudishiwa, na lini? Sema mapema, wakati hakuna mtu amekasirika.

Lipa usiku uleule, mbele ya watu. Angalia mapema kikomo chako cha kutuma kwa siku na ada ya kutuma, usije ukakwama mshindi akiwa amesimama hapo.

Mchezaji aliyelipwa kabla ya kufika nyumbani atakuletea wenzake mara ijayo. Asiyelipwa naye atawaambia wenzake, tena haraka zaidi.