Suhuba ya Mezani Katika Hosteli za Kigali

Mwaka 1325 kijana wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake mjini Tangier, akashika njia ya kwenda kuhiji peke yake, hana sahibu wa kumliwaza wala msafara wa kuandamana nao. Na alipofika Tunis, bandari ya Bahari ya Mediterania, akiwa bado na udhaifu wa homa iliyomshika njiani, aliwaona watu wa mji wametoka kuwalaki wasafiri, huyu akisalimiwa na yule akikumbatiwa, naye hapana hata mmoja aliyempa salamu, kwa kuwa hapana aliyemjua. Hapo moyo ukamshinda, akalia. Haji mmoja katika wasafiri wale akayatambua yaliyomsibu, akamsogelea, akamsalimu na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Kijana huyo alikuwa Ibn Battuta, na katika safari zake zote zilizofuata, pamoja na ile ya mwaka 1331 iliyomfikisha Mogadishu, Mombasa na Kilwa, mimi sioni tukio linaloeleza hali ya msafiri wa peke yake kwa ukamilifu kuliko salamu ile ya Tunis.

Kigali ya leo inao wasafiri wengi wa namna hiyo. Hushuka kituo cha mabasi cha Nyabugogo na mkoba mmoja mgongoni, wengine wametoka Kampala, wengine wamepita Rusumo kutoka upande wa Tanzania, wakapanda pikipiki mpaka Kimihurura, Kacyiru au Nyamirambo, ambako zipo nyumba za malazi ziitwazo hosteli. Ndani yake mna chumba kimoja chenye vitanda vya dabodeka kadhaa, kila mtu na kabati lake dogo na kufuli lake, bafu la shirika, na jiko ambalo sufuria moja yaweza kuwa na wenyewe watatu. Asili ya nyumba hizi ni fikra ya mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, iliyomjia mwaka 1909, alipokuwa safarini na wanafunzi wake wakashikwa na tufani, wakajihifadhi katika jengo la shule. Na mwaka 1912 hosteli ya kwanza ikafunguliwa katika ngome ya Altena.

Tangu hapo zimeenea dunia nzima, na hususan katika visiwa vya Mediterania zimekuwa kama desturi ya kiangazi. Walakini kisiwa kina msaada wake. Malta yote ni kilomita za mraba 316 tu, na mgeni aliyepishana na mwenziwe asubuhi katika kivuko cha kwenda Gozo atamwona tena jioni ufukweni, apende asipende. Bahari yenyewe imewazungushia ua. Kigali haina bahari. Ni mji wa vilima, na vilima hutawanya watu: aliyelala Kacyiru na aliyelala Nyamirambo wanaweza kukaa juma zima wasionane. Hata pikipiki za hapa, kwa amri ya sheria, huchukua abiria mmoja tu, naye lazima avae kofia ngumu, hivyo masahibu wawili wanaokwenda mahali pamoja huenda kila mtu na dereva wake, wakaja kuonana chini ya mlima. Kazi ya kukusanya watu, ambayo kisiwani hufanywa na maji, hapa imeachiwa nyumba, na ndani ya nyumba imeachiwa meza.

Jirani yangu mmoja huendesha hosteli ya namna hii, nami hupita kwake jioni kwa chai, kwa hiyo nimepata kuitazama meza yake mara nyingi. Nimeona kwamba aghalabu suhuba haianzi kwa mapenzi, huanza kwa haja. Mtu anataka kwenda mbuga ya Akagera, ambako simba walirudishwa mwaka 2015 na vifaru weusi mwaka 2017, naye hawezi kulipa gari zima peke yake. Huuliza mezani, wakapatikana watatu wengine, na alfajiri ya kesho wamo garini, hawajajuana majina vizuri. Au ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ambapo tangu saa mbili mpaka saa tano asubuhi maduka yamefungwa na barabara zimetulia, raia wametoka kufyeka na kuzibua mifereji. Mgeni aliyekusudia kuondoka mapema hana pa kwenda, basi ama hushika jembe pamoja na watu wa mtaa, ama hukaa mezani na wenzake. Saa hizo tatu nimeziona zikizaa urafiki kuliko karamu yoyote iliyopangwa.

Ziko pia siku nzito. Wageni wengi wa Kigali hufika Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Anayekwenda huko na jamaa yake anaye wa kushikana naye mkono wakati wa kutoka. Anayekwenda peke yake hurudi nyumba ya wageni na mzigo huo wote kifuani. Alasiri moja nilimkuta binti wa Mwanza amerejea kutoka Gisozi, ameketi pembeni mwa meza, mikono imeshika kikombe ambacho hakukinywa hata chai ikafanya utando juu. Kijana wa Mombasa, aliyejuana naye usiku uliotangulia tu, alikuwa jikoni akipika wali. Hakumuuliza neno. Alipakua sahani mbili, akakata parachichi kwa kisu, akaligawa nusu kwa nusu, akaweka sahani moja mbele yake akasema, "Dada, kula kidogo, hujatia kitu tumboni tangu asubuhi." Binti akasema, "Ahsante, kaka," na baada ya kitambo akala. Wapo wasemao kwamba usuhuba wa siku tatu ni mchezo, kwa kuwa mwisho wake ni kupeana namba za simu na kuagana Nyabugogo. Mimi nakataa. Yule haji wa Tunis hatujui hata jina lake, na wema wake umekaa katika kitabu cha Ibn Battuta karne saba.

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake wa jambo hili. Ibn Battuta ameandika kwamba jahazi lilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walilikabili kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara aliyemchagua na kusema kwamba huyu ni mgeni wangu. Na tangu hapo mgeni yule alikuwa na nyumba na mdhamini. Utaratibu ule ulimhitaji mwenyeji. Katika hosteli, mgeni ndiye humpokea mgeni, na aliyefika jana huwa mwenyeji wa aliyefika leo, bila ya kuulizana kabila wala ukoo.

Ndiyo maana nasikitika kuona vijana wetu wenyewe ni wachache katika nyumba hizi. Njia imefunguka: tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, na Mtanzania akiwa na pasipoti hazuiliwi na viza. Kinachowazuia, ukiacha nauli, ni lile swali la nyumbani, hasa kwa mtoto wa kike: unakwenda kwa nani? Kwetu safari ni kwenda kwa shangazi, kwa kaka, kwenye arusi au msibani, na binti anayejibu kwamba haendi kwa mtu hutiliwa shaka. Swali ni la huruma, silidharau. Lakini binti yule wa Mwanza naye hakuwa na mtu Kigali, na siku aliyomhitaji mtu alimpata.

Nyumba zenyewe nazo zina sehemu yao ya lawama. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na katika mtaa wa Biryogo kinazungumzwa tangu zama za wakoloni. Hata hivyo katika hosteli nyingi nilizoingia masharti ya nyumba yamebandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na bei ya kitanda hutajwa kwanza kwa dola, ndipo kwa faranga. Nimemwambia jirani yangu hayo. Amekubali kubandika karatasi ya Kiswahili karibu na jiko, na maneno yake tumeyaandika pamoja: saa za kufunga lango, mahali pa kutia taka, na kwamba atakayepika chakula cha kuzidi awaulize kwanza walioketi mezani kabla ya kukitia jokofuni.